Pierre Gassendi (1592–1655): Padre Mwanafalaki na Kazi ya Ushahidi

UTANGULIZI

Mwanafunzi wa theolojia anapofika katika karne ya 17 ya historia ya Kanisa, kwa kawaida hukutana na habari mbili. Ya kwanza ni Vita vya Miaka Thelathini (1618–1648), ambavyo Wakatoliki na Waprotestanti wa Ulaya walichinjana navyo hadi nchi nyingi za Ujerumani zikawa magofu. Ya pili ni hukumu ya Galileo Galilei iliyotolewa Roma mwaka 1633. Kutokana na habari hizo mbili mwanafunzi hujitengenezea picha rahisi: kwamba katika karne hiyo madhehebu yalijua kupigana tu, na kwamba Kanisa lilijua tu kuinyamazisha elimu.

Picha hiyo ina ukweli ndani yake, wala hapana haja ya kuuficha. Lakini haitoshi. Makala haya yanakusudia kueleza maisha na kazi ya mtu mmoja ambaye hakai vizuri ndani ya picha hiyo, yaani Pierre Gassendi, padre wa Kikatoliki wa Ufaransa, aliyekuwa wa kwanza kuchapisha habari za sayari ya Utaridi kuonekana ikipita mbele ya jua. Sababu ya kumleta mbele ya wasomaji wa Kilutheri ni kwamba jambo aliloliona lilikuwa limetabiriwa na Mlutheri, na barua aliyoandika kulieleza aliielekeza kwa Mlutheri mwingine, aliyewahi kutumika katika uchungaji. Katika habari hiyo lipo somo kwa kila aliyeitwa kuwa shahidi.

MTOTO WA WAKULIMA WA PROVENCE

Gassendi alizaliwa tarehe 22 Januari 1592 katika kijiji cha Champtercier, karibu na mji wa Digne, katika jimbo la Provence kusini mwa Ufaransa. Wazazi wake walikuwa wakulima wasio na mali nyingi. Akili yake ilijulikana mapema, naye akiwa bado kijana wa miaka kumi na kadhaa alikabidhiwa kufundisha ufasaha wa lugha hapo Digne. Mwaka 1614 alipata shahada ya udaktari wa theolojia huko Avignon, na baada ya muda mfupi akapewa daraja la upadre. Kisha akawa mwalimu wa falsafa katika mji wa Aix. Baadaye, katika miaka ya 1630, alipewa cheo cha mkuu wa mapadre wa kanisa kuu la Digne.

Huko Aix alipaswa kufundisha falsafa ya Aristotle, kama ilivyokuwa desturi ya vyuo vyote vya wakati ule, vya Kikatoliki na vya Kilutheri pia. Aliifundisha, lakini pamoja na mafundisho yenyewe aliwaeleza wanafunzi wake hoja za kuyapinga. Mwaka 1624 alitoa sehemu ya hoja hizo katika kitabu. Lalamiko lake kubwa halikuwa juu ya Aristotle mwenyewe, bali juu ya walimu waliodhani kwamba kumnukuu mwenye jina kubwa ni sawa na kulichunguza jambo lenyewe.

Tangu mwaka 1618 alianza kuandika daftari la mambo aliyoyaona angani: vimondo vyenye mkia, kupatwa kwa mwezi na jua, mienendo ya sayari. Aliliendeleza daftari hilo karibu hadi kufa kwake. Katika kazi hiyo alisaidiwa sana na rafiki yake Nicolas-Claude Fabri de Peiresc (1580–1637), mheshimiwa wa bunge la Aix, mtu mwenye mali na mwenye kupenda elimu zote. Mwaka 1635 Peiresc, akisaidiana na Gassendi, aliwapanga watu wa sehemu mbalimbali, wakiwamo wamisionari waliokuwa Aleppo na Cairo, kutazama kupatwa kwa mwezi usiku mmoja na kuandika saa. Kwa kulinganisha saa hizo iligundulika kwamba ramani za Bahari ya Kati zilikuwa zimeirefusha bahari hiyo kwa karibu kilometa 1000. Wasafiri wa baharini walikuwa wakitumia ramani hizo kwa miaka mingi, na hakuna aliyeweza kuzisahihisha kwa kuzisoma tu. Ilibidi watu watoke nje usiku, watazame juu, na waseme kweli juu ya kile walichokiona.

UTABIRI WA KEPLER

Ili kuielewa kazi iliyompatia Gassendi jina, yatupasa kwanza kumkumbuka Johannes Kepler (1571–1630). Kepler alikuwa Mlutheri aliyesoma theolojia Tübingen akitazamia kuwa mchungaji, lakini mwaka 1594 akapelekwa Graz kufundisha hesabu. Mwaka 1600 watawala Wakatoliki walimfukuza Graz kwa sababu alikataa kuiacha imani yake. Mwaka 1612, huko Linz, mchungaji wake Mlutheri, Daniel Hitzler, alimzuia asishiriki Chakula cha Bwana, kwa sababu hakukubali kutia sahihi Tamko la Mapatano la mwaka 1577 bila kuweka akiba yake juu ya fundisho kwamba mwili wa Kristo waweza kuwapo kila mahali. Viongozi wa Kanisa la Württemberg waliithibitisha hukumu hiyo. Hivyo mtu huyu alifukuzwa na upande mmoja kwa kuwa Mlutheri, na upande wa pili ukamnyima meza ya Bwana kwa kutokuwa Mlutheri wa kutosha. Sisi tulio warithi wa upande huo wa pili tunapaswa kuikumbuka habari hii kila tunapotaka kuinyoshea Roma kidole kwa ajili ya Galileo.

Kepler ndiye aliyegundua kwamba sayari huzunguka jua katika njia ya duara-yai, wala si duara kamili. Kwa msingi huo alitoa mwaka 1627 majedwali mapya ya kukokotoa mahali pa sayari, na mwaka 1629 akachapisha onyo kwa wanafalaki wote: kwamba mwaka 1631, katika mwezi wa Novemba, Utaridi itapita moja kwa moja kati ya dunia na jua, nayo Zuhura itafanya vivyo hivyo mwezi wa Desemba. Hapakuwa na mtu aliyewahi kuyaona mambo hayo kwa hakika. Kepler, akijua kwamba hesabu yake yaweza kuwa na upungufu, aliwashauri watu waanze kutazama siku moja kabla na waendelee siku moja baada ya siku aliyoitaja. Yeye mwenyewe hakuyaona, kwa maana alifariki Novemba 1630 huko Regensburg, na hata kaburi lake likapotea katika vita.

ASUBUHI YA TAREHE 7 NOVEMBA 1631

Gassendi alikuwa Paris wakati huo. Alitia chumba giza, akaielekeza darubini kwenye jua, na kuiacha nuru ipitie humo hadi kwenye karatasi nyeupe iliyochorwa duara lenye alama za vipimo. Kwa njia hiyo sura ya jua ilionekana kwenye karatasi bila kumdhuru macho. Katika chumba cha chini aliweka msaidizi mwenye chombo cha kupimia kimo cha jua, naye akamwagiza kwamba atakaposikia mguu ukigongwa sakafuni, apime mara moja, ili wapate kujua saa halisi ya kila jambo.

Tarehe 5 na 6 hali ya hewa ilikuwa mbaya. Tarehe 7, karibu saa tatu asubuhi, mawingu yaliachana kidogo na jua likaonekana. Juu ya sura ya jua palikuwa na kitone cheusi kidogo sana. Gassendi hakushangilia. Alidhani ni doa mojawapo la jua, kwa maana madoa ya namna hiyo yalikuwa yameanza kujulikana kwa darubini yapata miaka 20 kabla. Utaridi aliyoitazamia ilikuwa kubwa zaidi. Aliweka alama mahali pa kitone hicho, akikusudia kukitumia kama kigezo cha kupimia Utaridi yenyewe itakapotokea.

Mawingu yalipofunguka tena alitazama, akaona kwamba kitone kimesogea. Doa la jua huchukua karibu wiki mbili kuvuka uso wa jua, lakini kitone hiki kilikuwa kimekwenda mbali kwa muda mfupi mno. Hata hapo bado alisita, akajiuliza kama pengine alikosea kuweka alama ya kwanza. Alipima tena. Kitone kilikuwa kimesogea zaidi. Ndipo alipokubali kwamba hiyo ndogo aliyoidharau ndiyo Utaridi. Aligonga sakafu kwa mguu, na akaendelea kuifuata hadi ilipotoka kwenye ukingo wa jua karibu saa nne na nusu. Utaridi ilikuwa imetangulia saa kadhaa kabla ya wakati uliotajwa na Kepler, na kama Gassendi angengoja saa ile tu asingeona kitu.

Yafaa tueleze udogo huo ulikuwa na maana gani. Ptolemy, mwalimu mkuu wa falaki wa kale, alifundisha kwamba upana wa Utaridi unavyoonekana ni sehemu moja ya 15 ya upana wa jua. Kwa zaidi ya miaka 1400 makadirio ya namna hiyo yalirithiwa. Gassendi alipata sekunde 20 za digrii, yaani takribani sehemu moja ya 100 ya upana wa jua. Leo twajua kwamba hata kipimo chake kilikuwa kikubwa mno. Ukweli ni karibu nusu ya hapo. Hata hivyo kilitosha kuonyesha kwamba sayari ni ndogo sana machoni petu kuliko ilivyodhaniwa. Kuhusu wakati, majedwali ya Kepler yalikuwa na kosa dogo tu, chini ya robo moja ya digrii, wakati majedwali ya zamani yalikosea kwa digrii nzima na zaidi. Mlutheri aliyenyimwa meza alithibitishwa na padre wa Kikatoliki.

Mwezi uliofuata Gassendi alijitahidi kuitazama Zuhura, lakini hakuiona, kwa sababu ilipita wakati Ulaya ya magharibi ilikuwa usiku. Habari hiyo nayo aliiandika wazi katika kitabu chake, ambacho jina lake la Kilatini linasema mambo yote mawili: kwamba Utaridi imeonekana katika jua, na Zuhura haikuonekana. Mwaka 1639 kijana Mwingereza Jeremiah Horrocks, akitumia njia iyo hiyo ya karatasi na chumba cha giza, ndiye aliyeiona Zuhura ikipita.

BARUA KWENDA TÜBINGEN

Kitabu hicho, kilichotoka Paris mwaka 1632, kiliandikwa kwa mfano wa barua kwa Wilhelm Schickard. Schickard alizaliwa mwaka ule ule wa Gassendi, 1592. Alikuwa Mlutheri, amewahi kutumika kama mchungaji msaidizi mjini Nürtingen, na tangu mwaka 1619 alikuwa profesa wa Kiebrania huko Tübingen; baadaye akapewa na falaki. Ndiye aliyebuni mwaka 1623 mashine ya kufanyia hesabu, mojawapo ya za kwanza kabisa duniani.

Tuangalie tarehe hizo pamoja na mambo yaliyokuwa yakitendeka. Mwezi Mei 1631 majeshi ya upande wa Kikatoliki yaliuteketeza mji wa Kilutheri wa Magdeburg, wakafa maelfu ya watu. Mwezi Septemba Waswidi Walutheri waliyashinda majeshi hayo huko Breitenfeld. Miezi miwili baadaye padre huyu anamwandikia Mlutheri wa Tübingen, si kumshawishi abadili dhehebu, wala si kubishana juu ya Misa, bali kumwambia: niliona hiki, kwa chombo hiki, saa hii, na hapa ndipo nilipotia shaka. Schickard alimjibu kwa kitabu chake mwenyewe mwaka uo huo. Mwaka 1635, vita vilipokwisha kuufikia mji wake, Schickard alifariki kwa tauni.

Barua hizo hazikuondoa tofauti za mafundisho, wala hatupaswi kuzifanya kuwa mkutano wa umoja wa Kanisa. Kila mmoja alibaki katika ungamo lake. Ila zinatuonyesha kwamba watu waliotengana mezani waliweza bado kuaminiana katika ushuhuda. Gassendi aliamini kwamba Mlutheri atalipima neno lake kwa haki, na Schickard aliamini kwamba padre hakusema uongo.

BAADA YA HUKUMU YA MWAKA 1633

Hatutakuwa waaminifu tukiishia hapo. Mwaka 1625 Gassendi alikuwa amemwandikia Galileo kwamba anaupendelea mfumo wa Copernicus, unaosema dunia huzunguka jua. Baada ya Galileo kuhukumiwa, Gassendi alikuwa mwangalifu. Mwaka 1640, akiwa Marseille, alifanya jaribio katika merikebu ya makasia: jiwe liliangushwa kutoka juu ya mlingoti wakati chombo kikienda kasi, nalo likaangukia chini ya mlingoti, halikubaki nyuma. Hivyo ilivunjwa hoja kubwa iliyotumiwa na watu wengi, kwamba kama dunia ingetembea, kitu kinachoangushwa kutoka mnarani kingeachwa nyuma. Alilichapisha jaribio hilo mwaka 1642. Lakini hakusema kwamba kwa hiyo dunia inatembea. Katika kitabu chake cha falaki cha mwaka 1647, alichokitoa akiwa profesa wa hesabu katika Chuo cha Kifalme cha Paris, alieleza mfumo wa Ptolemy, wa Copernicus na wa Tycho Brahe, akasema kwamba kwa ajili ya utii kwa Kanisa mfumo wa Tycho, unaoiacha dunia imetulia, ndio wa kushikwa.

Je, huu ulikuwa woga? Wapo wanaosema hivyo. Wapo wanaosema alikuwa mwana wa Kanisa kweli, na kwamba jaribio la merikebu lilikuwa halijathibitisha mwendo wa dunia, bali limeondoa pingamizi tu. Maelezo haya ya pili ni ya haki zaidi katika upande wa hoja, kwa maana kuondoa pingamizi si kuthibitisha. Hata hivyo, utii ulipotumika kama sababu ya kuamua jambo la falaki, ushahidi ulisimamishwa katikati ya njia. Kosa kubwa lilikuwa la wale waliodai utii wa namna hiyo.

Nasi tusijivune. Katika Mazungumzo ya Mezani yamo maneno ya mwaka 1539 yanayohusishwa na Luther, yakimdharau mtu asemaye kwamba dunia inazunguka, na kutaja habari za Yoshua sura ya 10. Kitabu cha Copernicus kilipochapishwa mwaka 1543 kwa juhudi za Rheticus, aliyekuwa mwalimu wa Wittenberg, mchungaji Mlutheri Andreas Osiander alikitia dibaji isiyo na jina, akisema kwamba mambo hayo ni njia za kukokotoa tu, si lazima yawe kweli. Gassendi alikuwa na watangulizi kwetu.

FALAKI NA UNAJIMU

Katika lugha yetu neno falaki lina sura mbili. Ni elimu ya nyota, na tena husemwa mtu amekwenda "kupigiwa falaki", yaani kutafutiwa nyota yake ili ajue bahati, ndoa au ugonjwa. Katika Ulaya ya karne ya 17 mambo hayo mawili yalichanganyika vivyo hivyo. Wanafalaki wengi walipata riziki kwa kuwatabiria wakuu. Gassendi aliyatenganisha kwa ukali. Alifundisha kwamba nyota hazina mamlaka juu ya hiari ya mwanadamu, na kwamba wapiga falaki huhesabu pale walipobahatisha na kusahau mahali pengi walipokosea.

Jambo hili lina faida kwa mchungaji. Mkristo anayekwenda kwa mpiga ramli mara nyingi huonywa kwa amri tu. Amri ni halali, lakini Gassendi anatuongezea njia ya pili: kumwuliza mtu ni mara ngapi utabiri huo umekosea, na nani aliyeandika hesabu. Kepler alitaja mwezi na siku mbele ya watu wote, akakubali kupimwa. Mpiga ramli hakubali.

HITIMISHO

Gassendi alifariki Paris tarehe 24 Oktoba 1655, akiwa amedhoofishwa na ugonjwa wa mapafu na kwa kutolewa damu mara nyingi na matabibu. Maandiko yake yalikusanywa katika majuzuu sita yaliyochapishwa Lyon mwaka 1658, na bonde kubwa mojawapo la mwezi linaitwa kwa jina lake.

Tunajifunza nini? Zaburi ya 19 inatufundisha kwamba mbingu zina habari za kutangaza. Aliyesadiki hivyo hana sababu ya kuogopa kuzitazama. Lakini kazi ya shahidi ina masharti, nayo tumeyaona asubuhi ile ya Paris. Shahidi hukesha kabla ya saa iliyotajwa. Husema alichokiona, hata kikiwa kidogo kuliko alivyofundishwa. Huandika shaka yake pamoja na hakika yake. Na hutoa habari yake kwa yule wa upande wa pili, akikubali kupimwa naye. Masharti hayo ndiyo yale yale ya mfasiri wa Maandiko mbele ya aya isiyolingana na mahubiri aliyokwisha kuyatayarisha. Ni rahisi kuiita aya hiyo doa na kuendelea kungoja ile tuliyoitaka.

Mwisho, neno kwa walimu wa shule na vyuo vyetu. Tarehe 13 Novemba 2032 Utaridi itapita tena mbele ya jua, na mawingu yakiruhusu itaonekana Afrika Mashariki kuanzia asubuhi hadi mchana. Mtu asilitazame jua kwa macho matupu, wala asitazame kamwe ndani ya darubini iliyoelekezwa kwenye jua, maana atapofuka. Darubini ndogo, chumba cha giza na karatasi nyeupe vyatosha, kama vilivyomtosha Gassendi. Wanafunzi na waambiwe mapema kwamba kitone watakachokiona ni kidogo sana.